Boriti ya Tatu

Shule mimi niliishia darasa la tatu, tena hilo la tatu sikulimaliza, kwa hiyo nikiruka mahali au nikirudia mnivumilie tu. Mkono wangu umezoea tezo la kuchongea mbao, kalamu inanichosha.

Ngoja nianze na kile kilima, maana kicheko kipo hapo mwanzoni, mbele huko hakipo sana.

Mwezi wa tatu mwaka tisini na nane binti yangu Blandina alinipokea uwanja wa ndege wa Minneapolis, akanipeleka kwake Burnsville. Yeye ni nesi huko. Kesho yake asubuhi akaniambia, "Baba, vaa vizuri, nikuonyeshe mlima anakofanya kazi Jeremiah." Mimi ni mtu wa Kilema. Ukifungua mlango wa jikoni kwangu Kilimanjaro inakutazama usoni. Nikasikia mlima, nikavaa makoti mawili na soksi tatu. Tukaenda kwa gari kama dakika kumi hivi, upande wa Lakeville, akasimama.

"Mlima uko wapi?" nikauliza.

"Si huo hapo, Baba."

Jamani! Kwetu pale ni mahali pa kufunga mbuzi. Lakini watu walikuwa wamejaa, wamevaa vile vibao virefu miguuni, wanapandishwa juu kwa viti vinavyoning'inia kwenye waya, halafu wanateleza mpaka chini. Wakifika chini wanapanda tena. Nikamwambia Blandina, "Hawa wamepoteza nini huko juu?" Alicheka mpaka akaegemea usukani. Ndiyo mara ya mwisho niliyomsikia akicheka hivyo mwaka ule.

Chini ya kilima kulikuwa na jumba. Jumba la magogo ya msonobari mwekundu, lina bomba la moshi la mawe kubwa kama chumba, limejengwa kabla ya vita vya Hitler. Watu wote wa upande ule wanalijua, ukipita barabara kuu unaliona, unajua umekaribia nyumbani. Lilikuwa limezeeka. Paa linavuja, boriti zimeoza kwenye ncha. Wengine walitaka livunjwe lijengwe jipya la vioo. Mwenyewe, mama mmoja mnene, Susan, hakutaka, maana baba yake ndiye aliyelijenga. Akamtafuta mtu wa kulifufua. Mtu huyo ndiye mwanangu Jeremiah.

Sasa niwaambie ni kwa nini nilikwenda. Blandina alikuwa ameandika barua: Jeremiah ana kansa ya ini, madaktari wanampa miezi sita, labda kidogo zaidi. Na Jeremiah alikuwa hajaongea na mimi miaka kumi na tisa. Nilikwenda kumwomba msamaha kabla hajafa. Hakuna kingine kilichonipeleka Amerika.

Kosa langu mlijue, nisije nikaonekana mtu mzuri. Mwaka wa sabini na tisa kahawa ililipa, nikapata kiburi. Nyumba ya marehemu baba yangu ilikuwa ya mawe na mbao za mti wa mringaringa, boriti zimechongwa kwa mkono wake. Ndani alikaa mama yangu, na Jeremiah alilelewa humo na bibi yake, hakulala kwangu hata siku moja. Mimi nikataka nyumba ya matofali kama ya jirani. Mama alipokwenda kumwuguza dada yake huko Mwika, nikaivunja. Na zile boriti sikuzitunza. Nilizitia kwenye tanuru la kuchomea matofali. Jeremiah alirudi kutoka shule akakuta boriti ya mwisho inawaka, bado unaona alama za tezo la babu yake. Mama aliporudi alisema neno moja tu: "Mimi nalala wapi?" Tukamweka stoo pamoja na magunia ya kahawa. Hakufika Krismasi.

Jeremiah alisema mbele za watu, pale kaburini, "Umemchoma bibi." Akaondoka. Akapata nafasi ya kusoma kupitia wamisionari, akaishia Minnesota, na kazi aliyoisomea ni hiyo, kuokoa majumba ya zamani. Mimi sikuhitaji mtu wa kunieleza kwa nini aliichagua.

Kwetu ukimkosea mtu unampelekea sale. Ni jani, lile refu la kijani tunalolipanda mipakani na makaburini. Unalipeleka kwa mkono wa mtu mwingine, hupeleki mwenyewe. Huongezi maneno, jani lenyewe ndiyo maneno. Na sale halikataliwi. Hata kama mtu amekuulia ng'ombe, amekuulia ndugu, sale likifika unapokea. Lakini ni mtoto anayempelekea baba, siyo baba kumpelekea mtoto. Basi mimi na uzee wangu nilikaa na aibu hiyo miaka kumi na tisa.

Jeremiah alimwambia Blandina, "Nyumbani kwangu asije. Akitaka, aje kazini, nina boriti tatu zinahitaji mtu wa tezo, vijana wa hapa wanajua mashine tu. Na tuongee mbao. Mbao peke yake."

Nikakubali. Ningekubali hata kufagia.

Siku ya kwanza nilipomwona sikumjua. Amekonda, macho ya njano, shati linamning'inia. Alikuwa ameshika penseli bapa ya seremala. Akanisalimia, "Shikamoo fundi." Siyo baba. Fundi.

"Marahaba," nikasema. "Onyesha kazi."

Kazi yenyewe ilikuwa na sheria moja, hakuna kutupa. Dirisha la zamani linafumuliwa, linasafishwa, linarudi. Kioo kilichopasuka kinakatwa kinakuwa kioo kidogo. Kwenye kuta, badala ya ile sufu ya kiwandani inayowasha, walikuwa wanajaza magazeti yaliyosagwa, yanazuia baridi vizuri kabisa. Mti ukipungua wanatumia mti wa banda la ng'ombe lililovunjwa huko Lakeville kupisha nyumba mpya. Hata chungu cha ua lililokuwa mapokezini Jeremiah alikataa kisitupwe. Susan alisema lina miaka zaidi ya ishirini dirishani hapo, hajui hata jina lake.

Mimi nililijua. Niliingia siku moja nimebeba patasi, nikasimama kama nimepigwa. Sale! Limesimama kwenye chungu cha plastiki, refu kuliko mimi, linatazama theluji. Huko wao wanaliuza madukani kama pambo. Nikaligusa jani, likawa baridi na laini kama la nyumbani. Nikatazama nyuma, nikakuta Jeremiah ananitazama. Akageuka akaenda zake.

Boriti ya kwanza tulikaa nayo mwezi mzima. Ncha imeoza futi mbili. Unakata mteremko upande huu, unakata mteremko kwenye kipande kipya, unavilaza kimoja juu ya kingine, unapigilia vigingi vya mti mgumu. Hakuna msumari hata mmoja. Jeremiah akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, hawezi kusimama sana, akaniambia, "Fundi, mti huu umekaa miaka mia mbili msituni na sitini ndani ya nyumba. Umeoza futi mbili tu. Mtu anayeutia moto kwa sababu ya futi mbili ana akili gani?"

Vijana wote walikuwa pale, lakini hawakujua Kiswahili, isipokuwa mmoja.

"Hana," nikasema. "Hana akili."

 Akachora mstari kwa penseli. "Basi kata hapa."

Yule mmoja aliyejua Kiswahili ni Harrison, Mkisii, mtu mzima wa miaka arobaini hivi, kipara, baba wa watoto watatu. Siku za kazi yuko pale na misumeno, Jumamosi anahudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee, Jumapili anaimba kanisani mpaka anapoteza sauti. Ndiye aliyekuwa ananipitia asubuhi kwa gari lake.

"Mzee, wewe na boss mko na shida gani?" aliniuliza siku moja. "Mnaongea kama watu wa customs."

"Endesha gari, Harrison."

"Nina-drive, si unaona nina-drive? Nauliza tu."

Boriti ya pili tuliimaliza mwezi wa sita. Jeremiah alipitisha kidole gumba kwenye maungio, huku na huku. "Wembe haupiti," akasema. Akaona nimeishika penseli mkononi, akasema bila kufikiri, "Weka sikioni, utaipoteza."  Hayo maneno ni yangu. Nilimwambia hivyo akiwa na miaka saba, kila siku alipokuja kunitazama nikichonga, mpaka mama yake akawa ananitania.

Usiku huo sikulala vizuri, si kwa huzuni, kwa matumaini. Nikajisemea, aibu ya nini tena? Mtoto anakwisha. Peleka sale.

Lakini kwa mkono wa nani? Blandina ni mdogo wake, tena angelia njia nzima. Akabaki Harrison. Asubuhi nikamwomba Susan kwa ishara, akanikubalia, nikakata jani moja, nikalifunga fundo kama inavyotakiwa, nikamkabidhi Harrison kwa mikono miwili.

"Mpe Jeremiah."

Akaligeuza. "Hii ni nini sasa, Mzee? Mboga?"

"Mpe tu. Atajua."

"Na nimwambie nini?"

"Usimwambie kitu."

Hapo ndipo nilipokosea, na nimelirudia jambo hili kichwani mara nyingi kuliko Baba Yetu. Ningemweleza. Maneno kumi yangetosha. Lakini kwetu sale halielezwi, nani asiyelijua? Nikasahau kwamba yule ni Mkisii na tuko Minnesota.

Jioni ndani ya gari nikamwuliza, "Umefikisha?"

"Nimefikisha, Mzee," akasema, macho barabarani.

Kesho yake nilichana nywele zangu hizi chache, nikavaa shati la kanisani ndani ya koti la kazi. Nikamwona Jeremiah anakuja taratibu, ameshika ukuta. Moyo ulikuwa unanipiga kama wa bwana harusi. Akafika. "Shikamoo fundi. Leo boriti ya tatu."

Basi. Ni hayo tu.

Nilingoja. Akaanza kuniambia habari za unyevu, upande gani umeoza, futi ngapi. Nikamtazama usoni, hakuna kitu, mtu anaongea mbao. Nikajua amekataa. Mchaga amekataa sale! Sijawahi kusikia, hata wazee wa zamani hawajawahi kusikia. Baba mzima nimejishusha kwa mwanangu, jani limefika, na yeye ananiambia unyevu.

Nikaweka tezo chini. "Tafuta mtu mwingine."

"Kuna nini?" akauliza.

"Mgongo."

Nikatoka nikakaa ndani ya gari la Harrison mpaka jioni.

Wiki tatu sikurudi. Harrison alipita siku mbili za kwanza, anapiga honi, nikamwambia Blandina amwambie mgongo. Nilikaa kwenye sofa pale Burnsville natazama televisheni ya lugha nisiyoijua. Blandina akirudi kazini ananiambia, "Baba, Jeremiah ameuliza kama unaumwa." Nasema, mwambie ndiyo. Siku nyingine, "Baba, ameuliza umepona?" Nasema, mwambie bado. Mimi niliona ananiuliza kwa kejeli. Mtu akishakuwa na hasira, hata salamu anaiona tusi.

Wiki ya tatu, Alhamisi, saa nne asubuhi, simu ikalia. Blandina alikuwa hospitali alikolazwa kaka yake tangu jana yake. Akasema, "Baba, vaa viatu, jirani yangu atakuleta." Nikavaa. Nikashindwa kufunga kamba, nikaenda zinaburuta. Tulipofika Blandina alikuwa amekaa nje ya mlango, sakafuni, na sare zake.  Niliingia. Mkono wa Jeremiah ulikuwa bado una joto kidogo, na pembeni ya kidole kuna weusi wa penseli.

Watu wa kwetu walijaa kwa Blandina, wanafunzi, manesi, Watanzania na Wakenya, wamesukuma makochi ukutani, wamekaa chini. Wengine wameshika chai, wengine wameshika watoto. Siku ya pili ya msiba mama mmoja wa Marangu, Christina, anayefanya kazi ya upishi chuoni, alikuwa anazungumza ili kutupoza. Akasema, "Yaani huku hata masale yapo, nimeyaona dukani kwenye vyungu. Mzungu anaweka sebuleni, hajui kwamba hilo ndilo jani la kuombea msamaha. Kwetu ukiletewa hilo, umekwisha, huwezi kukataa."

Harrison alikuwa amekaa karibu na mlango. Nikamwona anaweka kikombe chini. Akatoka. Nikasikia mlango wa gari lake. Akarudi, amepita katikati ya watu, akaja mpaka mbele yangu akapiga magoti. Mkononi ana jani. Limekauka, limekuwa kahawia, lakini fundo bado lipo.

"Mzee," akasema. "Sikumpa. Nilienda nikampata anatapika kwa ndoo, Susan amemshika. Nikaona aibu kumpa mgonjwa majani. Na mimi, Mzee, mimi nimeokoka, nikaogopa labda ni mambo ya uganga. Nikaweka kwa gari. Nikakudanganya. Sikujua. Wallahi sikujua... nisamehe, sikujua."

Mkisii mlokole anaapa wallahi, kwa hofu tu. Siku nyingine tungecheka.

Nilitaka kumpiga. Nisiwafiche. Mkono huu ulinyanyuka. Wiki tatu! Nilikuwa na wiki tatu za mwanangu, na zilikuwa zimefungiwa ndani ya kidroo cha gari.  Wachaga waliokuwemo mle sebuleni walikuwa kama sita, wote wananitazama, na wote wanajua ninachokijua. Harrison amepiga magoti na sale mkononi. Halikataliwi.

Nikalipokea. Blandina akaniambia baadaye kwamba nilikaa nimelishika kama robo saa, na Harrison hakuinuka mpaka nilipomwekea mkono kwenye kipara.

Jani lile nilimpelekea Jeremiah kwa mkono wangu, safari hii bila kumtuma mtu. Kabla hawajafunga jeneza niliomba niachwe peke yangu, nikalitia kwenye mfuko wa koti lake, upande wa kushoto. Sikusema kitu.

Karatasi za kumsafirisha zilichukua siku tisa. Siku ya nne nikamwambia Harrison, "Nipeleke kilimani."

"Mzee, pumzika."

"Nipeleke."

Tulikuta jumba limekaribia kuisha. Madirisha yamerudi, sakafu imesuguliwa, sale lipo dirishani pake. Juu, boriti zangu mbili zimekaa sawa. Ya tatu ilikuwa bado chini, kwenye vigogo vyake viwili, imefunikwa turubai. Nikashangaa, wiki tatu hawajaigusa? Susan akaja ananieleza, Harrison akanitafsiria, "Anasema boss alikataza. Vijana walitaka kuweka chuma ili wamalize haraka, akakataa. Kila asubuhi anauliza kama umekuja. Siku ya mwisho kabla ya hospitali alikaa hapa kwa ndoo yake mpaka saa sita."

Nikaondoa turubai. Kwenye uso wa boriti kulikuwa na maandishi ya penseli, herufi kubwa za kutetemeka. Mimi kusoma ni kama kuvuka mto kwa mawe, naenda jiwe moja moja. Nikaweka kidole.

HII MWACHIENI BABA.

Nikasoma tena, nikidhani nimekosea. Harrison nyuma yangu akasema polepole, "Niliona hiyo maandishi, Mzee. Nikafikiri ni instruction tu ya kazi."

"Ni ya kazi," nikamwambia.

Nilifanya kazi siku tatu, alfajiri mpaka usiku, mikono ilishaijua kazi. Nilikata mteremko, nikachonga kipande cha lile banda la ng'ombe, nikavilaza, nikapiga vigingi. Penseli niliiweka sikioni. Harrison alishika upande wa pili, mara moja moja anafuta uso kwa kiwiko. Ikabaki kupiga randa. Sasa tatizo, uso wenye maandishi ndio uliotakiwa utazame chini, watu wauone, na ili uwe safi ni lazima uukwangue. Nikashika randa. Nikaiweka pale juu ya herufi ya kwanza. Sikuweza kusukuma.

Nikaigeuza boriti. Nikapiga randa upande wa pili, tukaipandisha hivyo. Susan akauliza kwa nini nimeigeuza, nikamwambia kupitia Harrison, mti huu una nguvu zaidi ukikaa hivi. Nilimdanganya. Mti hauna habari.

Jeremiah tulimzika Kilema, kwenye kiwanja kile kile cha nyumba ya bibi yake. Nyumba ya matofali ilishapasuka zamani, nimehamia vyumba viwili vya nyuma. Masale nimeyapanda mwenyewe kuzunguka kaburi, yameshika.

Mwezi wa kumi na mbili Susan alituma picha. Jumba limefunguliwa, moto unawaka mekoni, watu wamevua makoti wanakunywa vitu vya moto, watoto wana mashavu mekundu. Juu yao boriti tatu. Nimeibandika ukutani. Wajukuu wanauliza ipi niliyotengeneza mimi, nawaonyesha zote. Wananiuliza ipi nzuri zaidi. Nawaambia ya tatu, wanatazama, wanatazama, wanasema, "Mbona iko sawa na zile nyingine, Babu?"

Ndiyo, nawaambia. Kwa chini zinafanana.